Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Riadha Kenya: Nani Anamlea Bingwa Akishavuka Utepe?

Kwa viongozi wa Shirikisho la Riadha Kenya, kwa makocha na wenye kambi za Iten, Kaptagat, Kapsabet na Nyahururu, na kwa mawakala wanaowasimamia wakimbiaji wa nyanda hizo:

Barua hii inahusu jambo ambalo huzungumzwa sana matangani na kusahauliwa kabla ya msimu mwingine wa mashindano kuanza, nalo ni hali ya kijana wa kiume anayepata jina na fedha kwa miguu yake akiwa hajafikisha hata miaka 25, pamoja na hali ya mwanamke anayepata jina na fedha hizo hizo huku akiishi na mwanamume asiyejua akae vipi katika nyumba iliyojengwa kwa jasho la mkewe. Shirikisho limezoea kuyatenga mambo haya mawili, la kwanza likiitwa utovu wa nidhamu na la pili ugomvi wa nyumbani. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba yote mawili yana mzizi mmoja, kwamba mzizi huo ni malezi ya uanaume ambayo mchezo wenyewe unayatoa bila kukiri kuwa unayatoa, na kwamba Shirikisho lina uwezo mkubwa zaidi wa kuyarekebisha kuliko linavyopenda kusema.

Uanaume katika barua hii si suala la maumbile, bali ni jumla ya masharti ambayo jamii humwekea mtu ili imhesabu kuwa mwanamume kamili. Mwanasosholojia wa Australia, R. W. Connell, ambaye kitabu chake juu ya suala hili kilitoka mwaka 1995, alionyesha kwamba masharti hayo si ya aina moja hata katika jamii moja, ila daima kuna aina inayotukuzwa kuliko nyingine, ambayo inaweza kuitwa uanaume tawala, na kwamba wanaume wengi hupimwa kwa kipimo hicho ingawa ni wachache mno wanaokifikia. Katika Bonde la Ufa na Kenya ya kati, kipimo hicho kimejengwa juu ya mambo matatu yanayojulikana na kila mtu: kuvumilia maumivu bila kupepesa jicho, kumiliki ardhi na mifugo, na kuwa na neno la mwisho nyumbani. La kwanza hupimwa jandoni, na mazoezi ya mbio ndefu huliendeleza moja kwa moja, kwani mkimbiaji wa marathoni ni mtu aliyefuzu kuumia kimya. Mawili yaliyobaki zamani yalikuja polepole, kwa umri, kwa ndoa na kwa idhini ya wazee, wala hapakuwa na mtu aliyeyapata yote kwa asubuhi moja ya Jumapili katika jiji la ng'ambo.

Haifai kuipamba jando ya zamani kupita kiasi, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo iliyowafunza wanaume wengi kuwa mke ni sehemu ya mali. Hata hivyo ilikuwa na sifa moja iliyopotea: kijana hakuachwa peke yake na hadhi mpya, bali alikuwa na rika lake, na juu ya rika hilo palikuwa na walezi waliowajibika kwa mwenendo wake hata baada ya kutoka. Leo jando hiyo imebanwa iingie katika likizo ya Desemba, kwa kuwa Januari shule hufunguliwa, na mambo ambayo zamani yalihitaji miezi sasa humalizwa kwa wiki chache. Kwa kijana mwenye kipaji cha kukimbia, malezi yanayofuata hutolewa na kambi. Kambi ndiyo inayomwamsha alfajiri, inayompangia chakula, inayomwambia nani wa kumwiga na nani wa kumdharau. Kwa hiyo, iwe kocha anataka au hataki, yeye ndiye mlezi wa jando ya pili.

Kisa cha Samuel Wanjiru kinatosha kuonyesha gharama ya malezi hayo yanapokatika njiani. Wanjiru, mzaliwa wa Nyahururu aliyelelewa na mama yake katika uhaba, alipelekwa Japani akiwa na miaka 15 kusoma na kukimbia, akalelewa huko katika nidhamu kali ya shule na baadaye ya timu ya kampuni, chini ya Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Tarehe 24 Agosti 2008, akiwa na miaka 21, alikimbia katika joto la Beijing kwa kasi ambayo wengi waliiona kuwa ya wazimu, akamaliza kwa saa 2:06:32 na kuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Rekodi yake ya Olimpiki ilidumu hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja mjini Paris mwaka 2024. Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, akarudia Chicago mwaka 2010, na mara mbili mfululizo akatwaa taji la mfululizo wa marathoni kuu za dunia, ambalo zawadi yake ilikuwa dola 500,000 kila mara.

Fedha hizo zilimkuta nyumbani, mbali na ile nidhamu ya Japani ambayo wakati wote ilikuwa imeshikiliwa na watu wengine kwa niaba yake. Desemba 2010 alikamatwa na kushtakiwa kwa kutishia kumuua mkewe na kwa kumiliki bunduki aina ya AK-47 kinyume cha sheria. Aliyakana mashtaka hayo, na lalamiko la mkewe likaondolewa baadaye. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa, akiwa na miaka 24. Namna alivyoanguka imebishaniwa tangu siku hiyo, na maziko yenyewe yalicheleweshwa na mvutano wa kifamilia uliofika mahakamani. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba miezi mitano kabla ya usiku huo nchi nzima ilikuwa imesoma magazetini kuwa bingwa wake anamiliki bunduki, analewa na kuzozana nyumbani, na hapakuwa na chombo chochote cha riadha kilichokuwa na wajibu ulioandikwa wa kumwita, kumkalisha kitako na kumpatia mshauri. Wapo waliosema, na bado wapo wanaosema, kwamba ilikuwa ujana tu. Kauli hiyo ni nyepesi mno.

Inafaa kueleza jinsi umaarufu wa mkimbiaji unavyofanya kazi, kwa kuwa haufanani na ule wa mwanamuziki au mwanasiasa. Mkimbiaji wa marathoni hushindana mara mbili, pengine tatu kwa mwaka, na miezi mingine yote huishi kijijini kama watu wengine. Mapato yake huja kwa mafungu makubwa yenye mapengo marefu: malipo ya kushiriki, zawadi ya ushindi, bonasi ya muda au rekodi, na mkataba wa kampuni ya viatu. Zawadi hailipwi siku ya ushindi, kwani waandaaji husubiri kwanza majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku, na ikifika hukatwa sehemu ya wakala, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15. Lakini bingwa hupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyochachishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na picha hiyo ikishaonekana kwenye televisheni, kijiji kizima huamini kwamba fedha zimeshafika. Karo za watoto wa ukoo, michango ya harambee, bili za hospitali, shamba linalouzwa leo leo na mwenye shida: yote humjia kabla benki haijaona senti. Mwanamume anayesema hana fedha siku hiyo huonekana bahili, na bahili hahesabiwi kuwa mwanamume. Hivyo hukopa, hununua asichokikagua, huwazungusha wapambe raundi za pombe ili asionekane mnyonge, na kidogo kidogo jina lake linakuwa deni.

Isidhaniwe kwamba mzigo huu huwaelemea walevi peke yao. Baada ya Kelvin Kiptum, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, kufa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat tarehe 11 Februari 2024 pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, watu wa mitandaoni walimzushia Eliud Kipchoge kwamba anahusika, wakamtukana na kutishia familia yake. Kipchoge, ambaye ndiye kielelezo cha utulivu katika riadha ya dunia, alieleza hadharani miezi michache baadaye jinsi alivyoogopa kwa ajili ya watoto wake na jinsi imani yake kwa watu ilivyopungua. Mwanamume wa hadhi yake kukiri hofu mbele ya kamera ni tendo la ujasiri mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na lilistahili kupokewa na Shirikisho kama somo la kufundishia katika kila kambi. Lilipokewa kama habari ya wiki moja.

Upande wa wanawake ndiko uzito wa suala hili ulipo. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, alikimbia kilomita 10 mjini Herzogenaurach, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 2021 kwa dakika 30 na sekunde 1, ikawa rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Tarehe 13 Oktoba, mwezi mmoja baadaye, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, siku 10 kabla ya kutimiza miaka 26. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji na akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024, na tarehe 1 Septemba mwanamume aliyewahi kuishi naye alimmwagia petroli na kumchoma moto huko Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia, katika mzozo ambao kiini chake kilielezwa kuwa shamba na nyumba. Alifariki tarehe 5 katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Mwanamume huyo naye alikufa kwa majeraha ya moto siku chache baadaye.

Visa hivi vina muundo unaojulikana na kila mtu aliyekaa Iten kwa msimu mmoja. Msichana wa miaka 17 au 18 anaonyesha kipaji. Mwanamume mwenye umri mkubwa kidogo, mara nyingi mkimbiaji ambaye miguu yake haikumfikisha mbali, anajitolea kumwekea kasi mazoezini, kazi ambayo wakimbiaji huiita usungura. Sungura anakuwa kocha, kocha anakuwa mume, mume anakuwa meneja, na meneja anashika simu, pasipoti, kadi ya benki na mazungumzo na wakala. Ardhi inaponunuliwa, hati miliki huandikwa jina la mume, kwa sababu mke yuko mazoezini au ng'ambo, na kwa sababu muuzaji, wakili na mzee wa kijiji wote wanaona ni jambo la kawaida. Siku mwanamke anapouliza fedha zimekwenda wapi, anakuwa amegusa vitu viwili kwa pamoja: mali yenyewe, na kile kipimo cha uanaume kinachosema kwamba mwenye neno la mwisho ni mwanamume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua mchango wa kila mwenzi, hata ule usio wa fedha, lakini sheria hiyo husaidia pale tu penye ndoa inayoweza kuthibitishwa, na penye mwanamke aliye hai wa kwenda mahakamani.

Haki inataka isemwe pia kwamba si kila mume aliye kocha ni mnyonyaji. Edna Kiplagat, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013, amefundishwa kwa miaka mingi na mumewe Gilbert Koech, na ndoa hiyo imezaa familia na mataji. Timothy Kitum alipata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa bado kijana mdogo, kisha akawa mume wa Faith Kipyegon, mwanamke aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki tatu mfululizo. Mwanamume aliyewahi kusimama jukwaani mwenyewe na sasa anaishi na mke ambaye jina lake limempita mbali, wala haonekani kupungukiwa na kitu, anastahili kusikilizwa na vijana wa kambini kuliko mtaalamu yeyote wa kukodiwa kutoka Nairobi.

Kaptagat kwenyewe, katika kambi anayofundisha Patrick Sang, mna kitu kidogo kinachofaa kutazamwa kwa karibu. Kazi za nyumba hugawanywa kwa zamu, na zamu haimruki mtu kwa sababu ya medali: Kipchoge, mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili, ingawa Vienna mwaka 2019 hazikuwa mbio rasmi, ameosha vyoo vya kambi hiyo kama anavyoosha mgeni aliyewasili juzi. Pana maktaba ndogo, na wanawake hufanya mazoezi chini ya kocha yule yule kwa heshima ile ile. Hapo uanaume unafundishwa pasipo hotuba. Lakini hata kambi hiyo ina upungufu wake: mwanamume hukaa humo tangu Jumatatu hadi Jumamosi huku nyumba na watoto vikibaki kwa mkewe, kwa hiyo anajifunza kufua soksi zake katikati ya wanaume wenzake, na bado hajajifunza kuishi nyumbani.

Jibu la Shirikisho kwa madai ya namna hii linajulikana, nalo ni kwamba mamlaka yake yanaishia uwanjani na kwamba mambo ya chumbani ni ya wenyewe, polisi na kanisa. Jibu hilo halisimami. Chini ya kanuni za kupambana na dawa zilizopigwa marufuku, ambazo Shirikisho linazitii na kuzitekeleza, mwanariadha aliye katika orodha ya wanaopimwa hulazimika kueleza kila usiku atalala wapi, na kutaja kila siku dakika 60 ambazo atapatikana mahali maalumu; akikosekana au akikosea taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, hufungiwa. Maofisa hubisha hodi alfajiri, huingia ndani na kushuhudia mkojo ukitoka. Serikali ya Kenya iliahidi mwishoni mwa mwaka 2022 dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya vita hivyo. Mfumo unaojua kitanda anacholalia mwanariadha usiku wa Jumanne hauwezi kudai kuwa ni aibu kuuliza kama kitanda hicho kiko salama.

Baada ya kifo cha Tirop, Wizara ya Michezo iliunda kamati iliyoongozwa na Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili, na wanariadha wenyewe, akiwemo Viola Cheptoo, walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kuwasaidia waathiriwa. Shirikisho nalo lilifanya mikutano. Miaka mitatu baadaye Cheptegei alichomwa moto. Kazi ya wanariadha waliojitolea haiwezi kuwa mbadala wa wajibu wa chombo chenye mamlaka ya kutoa na kunyima leseni.

Kuhusu leseni, ndiko Shirikisho linakoombwa kuanzia. Mtu yeyote anayejiita kocha wa mwanariadha anayewakilisha Kenya asajiliwe, na usajili huo umzuie kabisa kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanariadha aliye chini ya miaka 18, umtake atangaze uhusiano wowote na mwanariadha mtu mzima, na umzuie kushika akaunti au pasipoti ya anayemfundisha, awe mke wake au asiwe. Mawakala nao walipe zawadi na malipo ya kushiriki katika akaunti yenye jina la mwanariadha peke yake, na wasipokee maagizo ya fedha kutoka kwa mtu mwingine bila saini yake. Haya hayahitaji dola milioni 5. Yanahitaji fomu na utashi.

Kuhusu vijana wa kiume, kabla mkimbiaji hajaondoka kwa mashindano yake ya kwanza ya ng'ambo, apitishwe katika mafunzo yatakayotolewa na wanaume walioyaishi: namna ya kukataa maombi ya fedha bila kupoteza heshima, namna ya kusoma mkataba, namna ya kutambua kwamba pombe imekuwa tatizo, namna ya kuishi na mke mwenye kipato kikubwa kuliko chako. Shule zinazolea wanariadha, kama vile St. Patrick's ya Iten ambako Bruda Colm O'Connell amefundisha tangu mwaka 1976, zinaweza kuyaanza mapema zaidi. Vilevile asiachwe anayestaafu. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, akakosa Olimpiki mbili kwa sababu Kenya ilisusia za 1976 na 1980, kisha akapotelea katika ulevi na vibarua huko Marekani kwa miaka mingi kabla ya kujinasua, kurudi nyumbani na kufariki Februari 2024. Rono mwenyewe aliandika habari zake katika kitabu, na wanaohitaji kujua bingwa huishi vipi makofi yakinyamaza wanaweza kukisoma.

Shirikisho linaombwa kulijibu suala la usajili wa makocha kwa maandishi na hadharani kabla ya uteuzi wa timu ya taifa ijayo, na kutaja jina la ofisa atakayewajibika. Wasichana wanaohamia Iten mwaka huu wakiwa na miaka 17 hawana muda wa kusubiri kamati nyingine.